Tairi Aliloweka Nestori Chini ya Chesi

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi ile niliyoamua kuinua pikapu yangu mwenyewe, nyuma ya nyumba tuliyopanga Buzebazeba, karibu na ziwa. Nilikuwa kijana, nguvu ninazo, ushauri siutaki.

Wakimbizi walikuwa wakiingia kwa wingi miaka hiyo. Wengi walishukia Kagunga, kijiji cha ziwani pale mpakani, ndipo wakaletwa huku kwa meli. Sisi wenye magari tulipata kazi ya kupeleka unga na mablanketi kambini, na masika yalikuwa yameichimba barabara mpaka tumbo la gari likawa linakwaruza chini. Mara mbili nilikwama, unga ukalowa. Nikaona dawa ni kuongeza majani, yaani vile vyuma bapa, kwenye springi za nyuma na kufunga vyuma virefu zaidi vya kuzishikilia, ili gari lisimame juu.

Aliyenisaidia alikuwa Nestori, fundi aliyekimbia kutoka Bujumbura na mkewe na watoto watatu. Mke wangu, Zuhura, ndiye aliyewapa chumba cha uani. Nestori alinizidi umri kwa miaka mingi, nami nilimwita kaka.

Tulilegeza nati za magurudumu, tukapiga jeki. Kisha nikaleta matofali ya saruji, yale yenye matundu, nikayapanga chini ya chesi, ile fremu ya gari, kila upande. Nestori akayatazama.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa lugha ya kwao. "Haya ni ya ukuta. Yakipasuka, yanapasuka mara moja. Twende Katonga, watu wa boti wana magogo mazito."

"Kaka, kesho asubuhi napakia. Hiyo safari ya Katonga itakula siku nzima."

Nestori alichukua magurudumu mawili tuliyoyafungua, akayalaza chini ya chesi, moja huku na moja kule. Nikamcheka. Nikamwambia, "Ndiyo maana mlikimbia huko kwenu. Mnaogopa kila kitu."

Mwanangu, hilo neno nililisema mimi, kwa mtu aliyevusha watoto wake ziwa zima. Yeye akaendelea kupanga spana.

Nikaingia chini. Nati moja ya springi ilikuwa imeshika kutu. Nikaingiza spana ndefu, nikakaza miguu ardhini, nikavuta kwa mikono miwili. Gari likatikisika. Nikavuta tena. Nikasikia mlio kama wa kigae kinachokanyagwa, halafu mwanga wote ukapotea.

Matofali yalikuwa yamepasuka, chesi ikatua juu ya lile tairi. Kati ya kifua changu na tangi la mafuta ilibaki nafasi ya kiganja. Mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa na springi, na nilisikia sauti yangu ikilia kana kwamba ni ya mtu mwingine. Zuhura alikuja mbio akanishika miguu anivute.

"Usimvute, dada," Nestori akasema. "Ongea naye tu."

Aliweka ubao chini ya jeki isizame kwenye udongo, akainua polepole, ndipo wakanitoa. Mkono ulikuwa umevunjika. Vidole hivi viwili unavyoviona havikunjiki hadi leo.

Kesho yake alikuja hospitali, akakaa pembeni ya kitanda.

"Kwetu nimezika watu ambao sikuwa na la kuwasaidia," akaniambia. "Jana la kukusaidia lilikuwepo, nawe ukanicheka."

Nilimwomba radhi. Alinishika bega. Baada ya wiki mbili alileta magogo ya Katonga akaimaliza kazi peke yake. Na ule mzigo niliokuwa naukimbilia, dereva mwingine aliubeba asubuhi ileile niliyopanga kupakia, watu wakala.

Sasa nawe unataka kuinua gari lako uani, na sikukatazi. Tafuta ardhi ngumu iliyo sawa. Zuia magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda, likalie stendi za chuma zinazomudu uzito wake, ziwe chini ya chesi, maana ekseli yenyewe utaishusha ukifungua springi. Huna stendi, azima, au ahirisha. Tofali usiliguse. Kabla hujaingia, lisukume gari kwa nguvu ukiwa nje. Likicheza, panga upya. Gurudumu ulilofungua lilaze chini ya chesi hata kama huoni sababu. Na awepo mtu mzima karibu, anayejua kupiga jeki.

Akikuambia subiri, msikilize, awe mwenyeji au amefika jana na kifurushi kichwani. Bila tairi la Nestori, mimi ningekuwa nimezikwa siku nyingi.

Mungu akulindie mikono yako na kifua chako, mwanangu. Akupe kazi yenye heri, na kila unapoingia chini ya gari akutoe mzima, urudi kwa wanao.