Posa Yangu na Wake Sita wa Mfalme

Wako watu wanaaibika kwa wizi wa kuku, mimi mwenzenu niliaibika kwa elimu, tena elimu ya Kizungu, si mchezo.

Ilikuwa mwaka wa sabini, ndio kwanza tumehamia Maskati, na ami yangu alikuwa anakwenda kuniposea Salma, msichana niliyempenda mpaka chakula hakipiti. Kwa ada zetu za Unguja mposaji hubaki nyumbani akatoka jasho peke yake, lakini mimi (msomi!) nikang'ang'ania kwenda, ili wakwe waione mali wanayoletewa. Ami akakubali kwa sharti moja, nisifungue mdomo ila kwa halua na kahawa.

Baba yake Salma, mtu mpole aliyezaliwa Unguja kama sisi, akamuuliza ami kama kijana kasoma. Ami hajajibu, mimi nishadakia kuwa nimesoma tarikhi ya wafalme wa Uingereza wa zamani, nani kazaliwa lini, kamuoa nani, kafa vipi. Mzee, kwa adabu tu, akasema tusikie kidogo, nami nikampa yote: yule mfalme mwenye wake sita, wa kwanza kamuacha kwa kukosa mtoto wa kiume, wa pili kamkata kichwa, wa tatu kafa na uzazi, wa nne kamuacha kwa kuwa sura haikufanana na picha aliyoletewa, wa tano kichwa tena, na hapo nikanogewa hasa mpaka nikaonesha kwa mkono shoka lilivyoshuka. (Nyuma ya pazia wanawake waliacha kugonganisha vikombe, nami nikadhani wamestaajabu na elimu yangu.)

Sauti ya mama yake Salma ikatoka pazioni: "Hebu muulizeni, huyu wetu anamtaka awe wa ngapi?"

Nikajaribu kujitengeneza, nikasema mfalme yule, pamoja na yote, kila mmoja alimuoa kwa ndoa kamili. Ami akafumba macho. Mzee akanigeukia taratibu.

"Na wewe, mwanangu, babu wa babu yako nani?"

Sikumjua. Wafalme wa watu ninao mpaka bibi zao, wazee wangu mimi nikaishia kwa babu, nikajisogezea sahani ya halua.

Tulipofika mlangoni kwetu ami akasimama.

"Umewaoza na kuwazika wake wa mtu wote," akanambia, "na wako hujamuoa."

Jibu lilikuja kwa heshima zote, kwamba mtoto bado mdogo. Haukupita muda mtoto mdogo huyo akaolewa na mwengine, nami nikaalikwa, nikala biriani, na kusema kweli iliniuma, na inaniuma. Tokea hapo mambo ya posa nawaachia wenyewe, na mtu akiniuliza nimesoma nini, namwambia hesabu.