Picha Niliyopiga Pomonda

Haya nayasimulia kwa aibu. Kampuni binafsi ziliporuhusiwa kununua kahawa, moja iliniajiri, nikajinunulia kamera. Mimi ni mtu wa Matiri, kule milimani, na ziwa nililijua kwa kusikia tu. Likizo yangu ya kwanza nikateremka Liuli, ufukweni, kuliona jiwe la Pomonda lililo majini, ambalo wazee wa zamani walijificha pangoni mwake wakati wa vita.

Kaka mmoja, Osmundi, alikuwa anapeleka ugali huko kwa mtumbwi, akakubali kunivusha. Njiani alipiga kasia tu. Nikafurahi moyoni nikidhani kumbe watalii huandaliwa hata chakula.

Chini ya jiwe tulimkuta mama mmoja amekaa mkekani, macho yake majini. Kando yake wanawake watatu waliimba kwa sauti ya chini. Nikajua hiyo ndiyo ngoma ya wageni, nikapiga picha mbili. Wakanyamaza.

"Shikamoo mama," nikasema. "Waambie waendelee kuimba. Na wewe inua uso kidogo, jiwe lionekane nyuma yako."

"Marahaba," akajibu, akainua uso. Nikapiga ya tatu.

Osmundi aliishusha kamera yangu kwa mkono.

"Basi, ndugu yangu. Mwanawe alizama hapa juzi. Tunangoja maji yamrudishe."

Mama akanitazama, akauliza kwa upole, "Kwani wewe si yule bwana wa polisi tuliyeambiwa atakuja kutusaidia?"