Ndevu za Hina

Karani wa telegramu tuliyefanya naye kazi Maskati, ukimwita Mwingereza ananuna mpaka magharibi. "Mimi Mwairishi!" Sisi tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi hatukuona tofauti, wote jua linawababua. Mikono yake ina madoadoa kama chapati, na vidole havitulii, hata akinywa kahawa vinagonga meza kama vinapeleka habari. Mfukoni ana picha kuukuu ya ndugu wa babu yake, bwana Mahoni, aliyehamia Unguja asirudi tena. Picha haina rangi, lakini karani anaapa zile ndevu zilikuwa nyekundu. Kila anayetoka Unguja huoneshwa, kisha huulizwa kwa Kiarabu cha kuchechemea, "Aliacha watoto?"

Asubuhi moja akaingia Mzee Marhoon, naye katoka Unguja kama sisi, ndevu nyekundu kwa hina ya Ijumaa, akataja jina lake ili niandike telegramu ya kwenda kwa bintiye. Karani akaruka meza. "Mahoni!" Akamkumbatia mzee, akalia begani kwake kama mtoto, vidole vikimgonga mgongoni, ti-ti-ti, sijui vikimpasha nani habari. Nikafungua mdomo nimweleze kuwa ile ni hina. Mzee akanikanyaga mguu.

"Nyamaza, mwanangu," akaninong'oneza. "Miezi sita sasa nnabisha hodi hapa Maskati kwa wana wa ami zangu, na kila mlango wananambia hawanijui. Leo nimepata mmoja anonijua, nawe unataka kuniharibia?"