Diski Niliyoitangazia Kifo

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa, mwanangu, na mke wangu analijua hilo wala hanuni. Ilikuwa kiangazi, kule Kikwe, saa nane mchana, na nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima nikiwaambia kwa sauti kubwa jambo nisilolijua.

Mimi niliishia darasa la saba. Kompyuta nilijifunza kwa kufungua mbovu za watu pale Ngaramtoni, nikaunguza tatu kabla sijaponya moja. Leo nina karakana yangu, na vijana wenye shahada wananipa shikamoo kwanza, halafu ndipo wanauliza. Sijishushi, maana hakuna aliyeniinua. Nataka tu ujue kwamba huyu anayekusema leo naye alisemwa.

Kamati ya mfereji ya Kikwe ilinipa kazi. Kule watu wanamwagilia mashamba kwa zamu, na zamu zao zilikuwa kwenye daftari lililochakaa. Nikawawekea kompyuta, nikaweka Linux, mfumo wa kuiendesha, nikaingiza zamu zote. Kisha nikawaambia, daftari la nini tena? Wakalitumia kuwashia moto wa chai. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mimi nilikuwa kijana, na msala ulikuwa wangu.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kwa macho. Wakati wa kusakinisha, mfumo uliniuliza: nibebe draiva zote, au zile tu zinazohitajiwa na mashine hii? Draiva ni kijiprogramu kinachouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Nikachagua zile chache, ili mashine iwake haraka, nami nisifiwe.

Mwaka haukuisha. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaunguza ubao mkuu wa ile kompyuta. Diski ilipona. Nikaichomoa, nikaipachika kwenye kompyuta nyingine niliyoibeba kutoka Ngaramtoni, nikawasha. Menyu ya Linux ikatokea. Nikabonyeza. Maandishi yakapita mbio, halafu yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema mfumo umeingoja diski yake na diski hiyo haipo.

Sasa elewa kilichokuwa hatarini. Mama Ruthi, mjane, alikuwa na maharage yaliyotoa maua. Alisema zamu yake ya maji ni kesho alfajiri. Jirani yake, Zablon, alisema kesho ni yake. Anayekosa zamu anangoja siku kumi na mbili, na maharage yenye maua hayangoji siku kumi na mbili. Orodha ilikuwa ndani ya ile diski, basi.

"Fundi, inasemaje?" Zablon akauliza.

"Diski imekufa."

"Imekufa na zamu zetu?" Mama Ruthi akasema, polepole.

"Pole, mama. Nitaweka mfumo upya, tuandike zamu upya."

Zablon akakuna kidevu. "Basi tuandike. Mimi nianze kesho. Marehemu hatoi ushahidi."

"Zablon, wewe hata kwenye msiba wa diski unawahi urithi," mtu mmoja akamtania.

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe hakucheka. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi ndiye niliyekuwa nampa ngozi. Nilishaingiza CD ya kusakinisha. Nilikuwa nimebakiza kubonyeza mara mbili tu nifute kila kitu.

Pale mlangoni alikaa Mzee Elirehema, mkaguzi wa mfereji, na jembe lake likiwa na tope bichi. Hakuwahi kugusa kompyuta. Akaniita.

"Kijana, maji yasipofika shambani kwako, unaanza kuchimba shamba?"

"Hapana, mzee. Naufuata mfereji."

"Kuanzia wapi?"

"Juu, kwenye banio, maji yanapoingilia."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nione yanapokatika."

"Na juu ya hapo yalipokatika, mfereji ni mzima au mbovu?"

"Mzima, mzee."

"Haya. Mimi nimeona maandishi yakipita kwenye kioo chako. Yametoka wapi, kama huyo ni maiti?" Akaongeza, "Au kwenu Ngaramtoni mnazika kabla ya kumpima mtu pumzi?"

Masikio yalinichoma, mwanangu. Maana mzee alikuwa amesema kweli. Ile menyu ilisomwa kutoka kwenye diski ileile. Kiini cha Linux nacho kilisomwa humohumo. Maiti haisomeki. Maji yalikuwa yamefika mbali kabla ya kukatika, na mimi niliona shamba kavu tu.

Nikakaa chini, nikafikiri kwa mara ya kwanza siku ile. Mwanzoni kabisa, mashine yenyewe ndiyo inayoisoma diski. Ikishamkabidhi Linux kazi, Linux anahitaji draiva yake ya kontrola, yaani ile chipu inayopokea waya wa diski. Kompyuta mpya ilikuwa na kontrola ya aina nyingine. Draiva yake ilikuwa ndani ya diski, na diski haifunguki bila draiva: ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Ndiyo maana kuna kifurushi kidogo kinachopakiwa mwanzo na mashine yenyewe, mafundi tunakiita initramfs, kibebe ufunguo huo. Na ufunguo huo niliuacha mimi, kwa mkono wangu, ili mashine iwake haraka.

Kazi ngumu haikuwa kutengeneza. Ilikuwa kufungua mdomo.

"Niliwadanganya," nikasema. "Diski haijafa. Kosa ni langu."

"Kumbe marehemu ni fundi," Zablon akasema.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wangu ulishachubuka.

CD ileile iliyotaka kufuta ina chaguo la uokoaji. Nikalichukua. Linux iliyo ndani yake inabeba draiva zote, na palepale diski ikaonekana, nzima. Kabla sijagusa chochote nikanakili kila kitu kwenye fleshi. Zile zamu zilikuwa hazisomeki bila programu iliyokuwa ndani ya mfumo wangu, lakini sasa hata nikiharibu, sijaua. Nikaandika amri, lspci -k, ikanionyesha kontrola na jina la draiva inayoiendesha: ahci. Nikaingia ndani ya mfumo wa diski, nikafungua mpangilio wa kile kifurushi. Pameandikwa dep, yaani beba za mashine hii tu. Nikafuta, nikaandika most, beba karibu zote. Nikaamuru update-initramfs -u, kifurushi kijengwe upya. Nikatoa CD, nikawasha.

Ikasimama palepale.

"Mara ya pili anakufa," Zablon akasema.

"Mwache afanye kazi," Mzee Elirehema akamjibu, bila kugeuka.

Safari hii sikutangaza kifo. Nilisoma maandishi kutoka juu, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaona: kulikuwa na matoleo mawili ya kiini, menyu inawasha la zamani, na mimi nimetengeneza kifurushi cha jipya. Nikarudi kwenye uokoaji, nikaamuru tena, mara hii kwa matoleo yote. Nikawasha. Maandishi yakapita pale yalipokuwa yakikwama, yakaendelea, na orodha ikafunguka.

Kesho alfajiri: Mama Ruthi. Keshokutwa: Zablon.

"Nimekosea siku moja tu," Zablon akasema.

"Hiyohiyo moja ndiyo uliyoitaka," Mama Ruthi akamjibu.

Mzee akamtuma mtu dukani, likaletwa daftari jipya, nami nikaandika zamu zote kwa mkono, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, watu wakinisubiri. Kesho yake alfajiri nilikuwepo maji yalipoingia kwenye maharage. Mama Ruthi hakunipa asante. Alinipa jembe, nikafungua matuta mpaka mgongo ukauma.

Basi nikuambie wewe unayefungua kompyuta za watu leo, na wewe usiyefungua kitu. Mashine ikisema kitu hakipo, imesema haikioni. Haijasema kimekufa. Tafuta mahali pa mwisho palipokuwa pazima, na uulize kilichobadilika ni nini. Mimi nilibadilisha mashine nzima, nikailaumu diski. Nakili kabla ya kugusa, na usifute kitu kwa sababu watu wanakutazama na unaona haya. Haya yako si deni la mteja. Ukikosea, sema mapema, hata kama yupo Zablon wa kukucheka. Mficha uchi hazai. Na usipunguze mzigo wa safari ili usifiwe mwendo, maana hujui utafika mlango gani.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe mkono mzito wa kufuta na ulimi mwepisi wa kusema "bado sijajua". Akupe na mtu mmoja wa kukuumbua mapema, kabla hujaumiza mjane wa watu.