Programu Iliyopita Tarehe

Babu yangu alikuwa na mizinga ya nyuki upande wa Limuru, na kabla ya kufungua wowote aliutegea sikio. Siku moja alisikiliza, akatuambia tuondoke pole pole. Kama nyuki walitoka ama hawakutoka, sikumbuki. Nakumbuka lile sikio, kubwa, lenye tundu la hereni ya zamani.

Sikio la namna hiyo nililiona tena Kileleshwa, mimi mwenyewe nikiwa mzee, nafagia kliniki ya watoto. Fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kipara, alikuwa ameiinamia mashine anaisikiliza. Shule niliacha mapema, kwa hivyo nitasema tu vile niliona.

Kadi zote za watoto zilikuwa zimeingizwa humo: nani amedungwa sindano gani, nani dawa gani inamvimbisha. Baadaye daktari aliniambia nichome makaratasi, yalikuwa yanaleta panya. Nikayachoma kwa lile shimo la nyuma, la dawa zilizopita tarehe. Haikupita wiki, kompyuta ikafa. Diski yake wakaihamishia kwa nyingine, yenye mfumo wa Linux, kwa sababu mfumo huo ni wa bure. Programu mpya iliyokuwa humo ikakataa kabisa kufungua kadi.

"Inataka toleo lile lile lililoziandika," fundi alisema. "Si jipya, si la katikati."

Asubuhi nzima aliandika maneno meupe kwa kioo cheusi. Kila programu aliyoweka ilidai kwanza iletewe ndugu yake mzee, nyingine ya zamani zaidi. Mwishowe majina ya watoto yakatokea, na daktari akakaa chini.

"Lakini hii ni ya zamani," akasema. "Hapa kitu kikipita tarehe tunachoma."

"Hii si dawa ya kikohozi, daktari."

Wakacheka. Mimi sikucheka, sijui kwa nini.

"Naenda mjini kununua diski ya kuwekea nakala," fundi akasema. "Ikiwauliza kama mnataka toleo jipya, kataeni. Hata ikibembeleza."

"Kwani ni mchumba?" daktari akauliza.

Akatoka, mkoba wake akauacha chini ya meza.

Huyo daktari alikuwa mama mzuri sana. Kila asubuhi alisoma tarehe za chupa moja moja. Niliwahi kumwona akitupa katoni nzima iliyopita tarehe kwa mwezi mmoja tu. Sasa nikipiga deki, mashine ikauliza. Akavaa miwani, akaisoma vile anavyosoma chupa.

"Inasema hii yetu ni ya zamani, haina usalama."

"Fundi alisema tukatae, daktari."

"Mzee, kitu kisicho salama sikiweki karibu na watoto."

Akakubali, akaandika neno la siri. Mstari ukajaa taratibu. Ulipofika mwisho, kioo kikasema kadi zote zimeandikwa upya, na pale penye majina palikuwa na alama za kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa benchi la mlangoni mama mmoja alikuwa na mtoto wa homa.

"Kuna dawa ilimvimbisha koo karibu afe," akamwambia nesi.

"Dawa gani?"

"Si mliandika?"

Nesi akamwangalia daktari. Daktari akaangalia kioo.

Hapo ndipo fundi aliingia, na diski kwa mfuko wa karatasi. Alisoma kile kioo akiwa amesimama. Hakuuliza ni nani aliyekubali, wala hakuinama tena kuisikiliza mashine. Akaweka mfuko juu ya meza, akapita katikati ya akina mama, wakavuta miguu yao apate njia. Nilimfungulia geti. Akashika njia ya kwenda Hurlingham, mkoba wake ungali chini ya meza, na hatukumwona tena.