Uzi wa Tumbaku

Mwalimu wetu wa fizikia pale shule ya Cheyo alikuwa na vidole vya kahawia, maana kila likizo alikwenda kwao Goweko kufunga tumbaku. Uzi uleule wa kufungia tumbaku aliufungia kokoto mbili darasani, akazining'iniza taratibu. “Hizi ni nyota mbili zinazozungukana kwa mbali sana. Zimeshikana kidogo tu. Kitu kizito kisichoonekana kikizipitia karibu, zitaachana. Tukizikuta bado pamoja, tumejifunza jambo kuhusu kitu hicho: labda si kizito hivyo, au hakipiti mara nyingi.” Siku moja mkaguzi wa shule alimuuliza mbele yetu kitu hicho kisichoonekana ni nini. “Sijui, mheshimiwa. Bado tunapima.” Kisha akaliandika jibu hilo ubaoni, tukalinakili. Leo kazi yangu ni kupima nyota hizo. Nikiulizwa swali lile, najibu vilevile, bila aibu. Shikamoo, mwalimu.