Maana ya Claudine

Msusi wetu wa Bombolulu huwachagulia watoto wa mtaa majina ya Kifaransa huku akisuka, na kila jina hulitolea maana papo hapo. Mimi sikuwahi kumwamini. Juzi nilikuwa nasukwa, Eddah akaingia na kichanga chake, mguu mmoja wa mtoto umepinda.

“Mama, babake anataka tumwite Claudine. Maana yake nini?”

Vidole vikasimama kichwani mwangu. Msusi akautazama ule mguu.

“Nuru, mwanangu.”

Nikatafuta kwenye simu upesi, nikakuta: kiwete. Nilipoinua macho nimuumbue, alikuwa akinitazama kwenye kioo, midomo ameibana. Eddah alikuwa amemwinamia mtoto, akimnong’oneza, “Nuru yangu.”

Nikaizima simu.